Swali la Kumi na Saba

Nataka kueleza jinsi nilivyomharibia mwanamke mmoja jina mbele ya kanisa zima, nikiwa nimevaa suti na kushika kipaza sauti, huku nikiamini kwamba namsifu.

Lakini kwanza msomaji ajue mimi ni nani, maana bila hilo hataelewa nilivyoweza kufanya jambo kama hilo. Mimi nimejitengeneza mwenyewe. Niliondoka Kakamega na begi moja, nikaenda Doha kufagia korido za hoteli, na baada ya miaka tisa nikarudi nikiwa nimesimamia wafanyakazi wa orofa nne. Nilirudi pia na stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi, niliyoisomea jioni baada ya zamu, wenzangu wakiwa wamelala. Iko sebuleni kwangu, ndani ya fremu, juu ya televisheni. Nyumba yenyewe ni ya mawe, na hakuna mtu aliyenisaidia kuijenga. Siombi radhi kwa kuyasema haya, kwa sababu ni kweli. Aibu yangu iko mahali pengine.

Kule hotelini, kila mfanyakazi aliyepandishwa cheo alijaza fomu ya maswali arobaini. Majibu yakijumlishwa, unaambiwa wewe ni mtu wa aina gani kati ya aina nne: Kiongozi, Mchangamfu, Mtulivu au Mtafakari. Wengine waliichukua kama mchezo. Mimi sikuichukua hivyo. Nilikuwa na mwenzangu wa zamu ambaye tulizozana kila siku, na fomu ilinionyesha kwamba yeye alihitaji kupanga kabla ya kuanza, na mimi nilikuwa naanza kabla ya kupanga. Zamani nilikuwa nikiomba Mungu amwondolee ukaidi. Baada ya fomu nilianza kuomba aniondolee mimi haraka. Huo ulikuwa msaada wa kweli katika imani yangu, na hadi leo sikubali mtu aniambie kwamba mambo haya ni upuuzi.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani nilimwendea mchungaji wetu, mzee mpole anayependa kusikiliza, nikamwambia kanisa linahitaji semina. Watu wanaomba kila siku wabadilishwe, nikasema, lakini hawajui wanaomba wabadilishwe nini. Mchungaji alipenda maneno hayo. Akanipa Jumamosi moja nzima.

Nilitafsiri fomu mwenyewe kwa wiki mbili. Nilinunua kalamu mpya, nikaazima projekta, na kina mama wakapika chai na kuchemsha mahindi. Ukumbi ulijaa: wazee wa kanisa, kwaya, vijana, hata watu wa mtaani waliosikia kwamba yule wa Doha atafundisha. Nilisimama mbele yao nikaona nilivyotoka mbali. Nilianza kwa kuwasimulia kuhusu stashahada.

Wakajaza. Wakati wa chai nilikaa kwenye meza ya pembeni nikajumlisha karatasi moja baada ya nyingine, na kadiri nilivyojumlisha ndivyo nilivyozidi kushangaa. Karibu wote walikuwa Watulivu. Mchungaji, Mtulivu. Kwaya nzima, Watulivu. Mwenyekiti wa kina mama, mwalimu mkuu mstaafu ambaye akikohoa tu mchungaji hufupisha mahubiri, naye alitoka Mtulivu kuliko wote. Nilipotangaza hilo, mzee mmoja wa kanisa mwenye shamba la miwa upande wa Mayoni alisema, bila hata kusimama, kwamba kama mama huyu ni mtulivu basi fahali wake ni malaika. Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, akasema fahali huyo aletwe naye ajazishwe fomu.

Leo naelewa kilichotokea. Kule hotelini kila mtu alijibu kama anayetaka cheo. Hapa kwetu mtu alijibu kama anayeulizwa na wageni waliokuja kuchunguza nyumba yake kabla ya kuoana nayo. Je, unapenda kuongoza wengine? Nani hapa ataandika ndiyo? Uongozi watu ndio wanakupa, wewe ukikataakataa. Je, huchoshwa na wageni? Nani ataandika kwamba wageni humchosha, na karatasi itasomwa na mtu wa kanisa? Waliandika wanavyotakiwa kuwa. Stashahada yangu haikunifundisha hilo, na mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa nimelisahau, au nilijifanya nimelisahau.

Kiongozi alitoka mmoja tu, na nilikuwa mimi. Sikuona hilo kuwa ajabu.

Lakini semina haiwezi kuendelea kama watu wote ni wa aina moja. Nilihitaji mfano wa aina nyingine, na katika rundo lile kulikuwa na karatasi moja tofauti, ya Mtafakari kamili. Ilikuwa ya mwalimu wa watoto.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, fundi wa nguo, mzaliwa wa mashamba ya Mautuma kule Lugari, aliyeletwa mjini na ndoa. Mumewe alipofariki alibaki hapa, akishona sare za shule kwa cherehani yake katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Hakuwa na watoto. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha darasa la watoto wadogo kila Jumapili, katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, na ilijulikana kwamba mtoto mkaidi akikaa naye mwezi mmoja hutoka akijua kusali. Hakuwa msemaji. Baada ya ibada alikuwa akienda zake, na kwa kuwa alikuwa hivyo tangu awali, hakuna aliyelitilia maanani.

Nilimwita mbele. Alikuja akiwa ameshika kikombe chake cha chai, hakujua akiweke wapi.

Nilisema huyu ndiye hazina ya kanisa, mtu wa aina adimu, na ili wote wajifunze nitasoma majibu yake. Sikumuuliza. Nikasoma kwa sauti yangu ya mikutano. Swali la kumi na saba, ukipata nafasi, ungependa kukaa peke yako kuliko kukaa na watu? Dada yetu ameandika ndiyo. Swali la ishirini na mbili, je, wageni hukuchosha? Ameandika ndiyo. Swali la thelathini, je, hufanya kazi vizuri zaidi usiku, wengine wakiwa wamelala? Ndiyo.

Ukumbi ulinyamaza, na mimi nikadhani ni heshima. Mtu mmoja nyuma akasema "Eeh," polepole, kama anayepata jibu la swali alilokuwa nalo siku nyingi.

Mwalimu wa watoto alinitazama, kisha akawatazama watu.

"Niliambiwa niandike ukweli," akasema.

Nikawaambia wampigie makofi. Wakapiga.

Msomaji wa mbali huenda asielewe. Kwetu mtu anayependa kukaa peke yake huulizwa, hata kama si kwa sauti, anafanya nini huko peke yake. Mtu ambaye wageni humchosha ana nini nyumbani asichotaka kionekane? Na mjane asiye na mtoto, aliyetoka kwingine, anayeandika kwa mkono wake kwamba usiku kwake ndio wakati mzuri wa kazi, hilo sina haja ya kulieleza. Alikuwa akimaanisha sare za shule, zinazoshonwa hadi usiku shule zinapokaribia kufunguliwa. Ningeweza kuongeza sentensi hiyo moja. Sikuongeza, kwa sababu nilikuwa na mambo mengi ya kusema kuhusu aina nne.

Jumapili iliyofuata darasa lake lilikuwa na watoto wachache. Iliyofuata, wachache zaidi. Watoto walikaa ndani ya kanisa na mama zao, wakilia na kuangusha vitabu vya nyimbo, na mchungaji akawa anapaza sauti ili asikike. Mimi sikuuliza chochote. Nilikuwa natayarisha semina ya pili. Nilikuja kujua siku niliyowakuta watoto wangu wawili kwenye benchi letu, wakigombania kalamu, na nikamuuliza mke wangu kwa nini hawajaenda darasani.

Mke wangu ni mtu wa maneno machache na mapana. Alingoja tufike nyumbani.

"Nimewatoa," akasema. "Wamama wote wametoa wao."

Nikauliza sababu.

"Baba watoto, si ni wewe ulisema hataki watu?"

"Sikusema hivyo. Nilisema ni Mtafakari."

"Ulisoma na kipaza sauti. Hata wa kule barabarani walisikia. Sasa watu wanauliza, huyu anapenda usiku, anafanyanga nini usiku?"

"Anashona."

"Wewe umemwona akishona?"

Nilianza kumweleza kuhusu aina nne. Aliniacha katikati akaenda kugeuza sima jikoni, akasema kutoka huko kwamba hayo ni ya Uarabuni, na hapa watu wana watoto wao.

Mtu mwenye busara angeenda nyumba kwa nyumba. Mimi nilimwomba mchungaji dakika kumi baada ya mahubiri. Nilisimama nikafundisha tena, safari hii kuhusu watu wanaopenda upweke. Nilieleza vizuri, najua kueleza. Na ili niimalize kabisa ile minong'ono, nikasema wazi kwamba watu wa aina hii si wachawi, na wala si wale wakimbiaji wa usiku wanaokimbiakimbia kwenye boma za watu.

Kabla ya siku hiyo, neno mchawi hakuna aliyekuwa amelitamka kanisani. Walikuwa wakilizunguka. Nililitamka mimi, kwenye madhabahu, na yeye akiwa ameketi safu ya nne. Niliona mchungaji akiinamisha kichwa na kushika paji la uso. Mwanamke aliyeketi kando ya mwalimu wa watoto alihamisha mkoba wake kutoka upande huu hadi upande ule.

Siku mbili baadaye mwalimu wa watoto alimpelekea mchungaji ufunguo wa kile chumba cha mabati pamoja na daftari la mahudhurio. Hakulalamika. Alisema tu kwamba hawezi kufundisha viti.

Mchungaji hakukubali yaishe hivyo. Alituita ofisini kwake: mwalimu wa watoto, mimi, yule mwenyekiti wa kina mama na mzee wa Mayoni. Mvua ya saa tisa ilikuwa ikipiga mabati, ikabidi tusogeze viti karibu ili tusikiane. Mchungaji alisema dada yetu amefundisha watoto wa kanisa hili hadi wengine wao sasa wameoa, na hataki aondoke kwa sababu ya karatasi. Mwenyekiti alisema tatizo si karatasi, tatizo ni kwamba watu wamesikia, na waliyoyasikia hawawezi kuyatapika. Mzee wa Mayoni alisema huyu mama ajitetee mbele ya kanisa, aseme alikosea kujaza.

Yeye alikataa. Alisema hakukosea.

Kisha akageuka kwangu. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba aliuliza kama mtu anayetafuta wa kukaa naye.

"Mwalimu," akasema, "na wewe hapo kwa kumi na saba uliandika nini?"

Sasa ni lazima niseme nilichokuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Kule Doha tulilala watu wanane chumba kimoja. Kwenye orofa ya nne ya hoteli kulikuwa na stoo ya mashuka isiyo na dirisha. Wenzangu walipokwenda kula mchana, mimi nilijifungia humo. Nilikaa juu ya mafungu ya mashuka, nusu saa, bila taa. Wakati mwingine niliomba. Mara nyingi sikufanya lolote. Miaka tisa ile, nusu saa hiyo ndiyo niliyoishi nikiwa mzima, na kama ningenyang'anywa hiyo, nadhani ningerudi nyumbani mwaka wa kwanza. Hata sasa, nikifika kwangu jioni, hukaa ndani ya gari nje ya lango nikijifanya nazungumza na simu. Wageni hunichosha hadi mifupani. Nikiwaona wakishuka njiani kuja kunisalimia mimi, yule aliyetoka ng'ambo, hupenda kutoroka kwa mlango wa nyuma.

Na kwenye fomu yangu mwenyewe, niliyoitafsiri mwenyewe, nilikuwa nimeandika hapana. Hapana kwa kumi na saba, hapana kwa ishirini na mbili. Nilijua kila swali linampeleka mtu kwenye aina gani, na nilijipeleka nilikotaka kufika.

Walinitazama wote wanne.

"Niliandika hapana," nikasema. "Mimi ni mtu wa watu."

Maneno ya kwanza yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalitoka kwa urahisi. Mwalimu wa watoto alitikisa kichwa kukubali, kama fundi aliyepewa kipimo. Hakuuliza tena. Kikao kikafungwa kwa maombi, na mimi ndiye niliyeombwa niombe. Niliomba vizuri.

Kwa wiki tatu baada ya hapo sikuweza kukaa ndani ya gari nje ya lango. Nikizima injini tu, nilisikia lile jibu. Nilikuwa nimeambia kanisa zima kwamba mtu akijijua alivyo, Mungu atapata mahali pa kuanzia kazi. Nilikuwa sahihi. Lakini nilikuwa nimempa Mungu karatasi ya uongo, na nilikuwa nikishangaa kwa nini maombi yangu yanasikika kama hotuba. Mwanamke yule alimpa karatasi ya kweli, nami nikaitumia kumfukuza darasani.

Nilimwendea siku ya kazi, mchana. Alikuwa kwenye cherehani, akipinda shingo za mashati. Aliniitikia salamu akaniashiria stuli, na hakuacha kazi. Nikamweleza yote: stoo, mashuka, gari, wageni, fomu. Mashine ilikuwa ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Nilipomaliza aliukata uzi.

"Kwa hivyo siku ile ofisini ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha pale peke yangu."

Akachukua shati lingine.

"Sasa mbona unaniambia mimi?" akasema. "Mimi yangu ilisomwa mbele ya watu. Wewe yako umeileta huku nyuma, kwa fundi. Ipeleke pale ulisoma yangu. Uisome hivyo hivyo, na namba zake."

Nilimwambia nitazungumza na mchungaji tupange namna nzuri. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Namna nzuri ndiyo ilinifikisha hapa, mwalimu."

Nilichukua fomu tupu nikaijaza upya, kwa penseli, mezani kwangu. Ilinichukua muda mrefu kuliko kuitafsiri. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama na kuisoma. Nilianza kwa kusema kwamba ile niliyojaza mara ya kwanza ilikuwa ya uongo, kisha nikasoma swali na jibu, swali na jibu. Je, hupenda kusifiwa? Ndiyo, sana. Je, hukasirika mwingine akipata sifa? Ndiyo. Watu walianza kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kufurahia kicheko chao. Nasoma vizuri. Hata katika kutubu nilikuwa nikijisikiliza. Nilipolifikia la kumi na saba sauti ilinipotea, na nilishukuru kwamba ilinipotea, maana hapo sikuwa naigiza. Nikasema ndiyo. Nikasema kuhusu stoo. Nikasema kama kupenda kukaa peke yako ni ushahidi wa jambo lolote, basi mnichunguze mimi kwanza, na kwamba dada yetu hushona sare za watoto wenu usiku ili wasiende shule na zilizochanika. Mke wangu alikuwa akinitazama kama anayemtazama mgeni aliyekuja kwake kuomba maji.

Nilitaka kuendelea. Mwenyekiti wa kina mama aliinua mkono.

"Tumesikia," akasema. "Keti sasa. Hayo maswali mengine ni yako na bibi yako."

Nikaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Tulipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kuhusu gari, na ilikuwa jioni ndefu, lakini hayo ni yetu.

Mchungaji alimrudishia mwalimu wa watoto ufunguo katikati ya juma. Alikaa nao siku kadhaa kabla ya kukubali. Jumapili aliporudi, niliwapeleka watoto wangu mwenyewe, nikiwashika mkono, nikipita mbele ya kila benchi makusudi. Mle ndani mlikuwa na watoto watano, wangu wawili wakiwa miongoni mwao. Zamani walikuwa wakikaa hadi sakafuni. Mmoja wa watano hao alikuwa mjukuu wa mwenyekiti. Watoto wa yule mwanamke aliyehamisha mkoba hawakuwapo, na hadi ninapoandika haya hawajarudi.

Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Aliwapokea watoto, akamfunga mtoto wangu mdogo kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akawaonyesha benchi.

"Wewe enda," akaniambia. "Mahubiri yameanza."

Akafunga mlango, nikamsikia akiwahesabu.